Akaunti ilikuwa kwa barua pepe ya nani? Kisa cha mwimbaji wa kujitegemea na wimbo wake wa kwanza

Kisa hiki kinamhusu binti mmoja mtunzi na mwimbaji asiye na lebo wala meneja. Ameridhia kiandikwe ili wenzake wajifunze, kwa sharti kwamba asitambulike. Kwa hiyo majina hayamo, mji alikokulia sitautaja, mashairi yake sitanukuu hata mstari mmoja, na namba za fedha na za usikilizwaji nimezizungusha. Mimi niliingia Oktoba 2023, mambo yakiwa yameshavurugika, kama mtu wa kusoma makaratasi. Mojawapo ya makosa yanayosimuliwa hapa ni langu.

Alikotoka

Alizaliwa mji mdogo kandokando ya ziwa, akalelewa na bibi mzaa mama. Shule yake ya muziki ilikuwa kwaya ya Kilutheri: mazoezi mara mbili kwa wiki, mwalimu akiandika do-re-mi ubaoni kwa chaki, kila sauti na mstari wake. Aliwekwa sauti ya pili, na mwenyewe anasema hapo ndipo alipojifunzia kutunga. Wa sauti ya kwanza hupewa wimbo wenyewe. Wa sauti ya pili hutafuta pa kupita katikati ya wenzake bila kugongana nao, na akishazoea kazi hiyo, kila wimbo anaousikia humwonyesha njia nyingine ambayo ungeweza kupita.

Gitaa alilipata akiwa kidato cha tatu. Mjomba alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, likiwa na nyuzi tano. Uliokosekana ni ule mwembamba kuliko yote, na madukani pale mjini palikuwa na nyuzi za kila namna za kufumia nyavu, za gitaa hapana. Akafunga mshipi wa kuvulia. Mshipi hulegea. Ukimaliza nyimbo mbili lazima uukaze upya, na hata ukikazwa hutoa mlio mfu, kama mtu anayeongea na mafua. Alizoea, na hata alipofika mjini penye nyuzi za kununua aliuacha mshipi wake mahali pake. Nimeueleza mshipi kwa urefu kwa sababu utarudi baadaye kama ushahidi.

Mwaka 2021 akaja Dar es Salaam kusomea stashahada ya ugavi, akafikia kwa mama yake mdogo. Huo ndio mwaka Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, ilipofunguliwa Tanzania na Kenya, Februari. YouTube na Boomplay watu walikuwa wanazitumia tayari. Kwa binti mwenye simu na gitaa, kutoa wimbo bila kupiga hodi kwa lebo lilikuwa jambo la kawaida kulifikiria. Akaanza kupanda majukwaa madogo ya Alhamisi, yale ambayo malipo yake ni soda na makofi, na nauli ya kurudi unajitegemea.

Novemba 2022, usiku, akatunga wimbo kuhusu mtu anayesindikizwa hadi gatini. Mama mdogo alikuwa amesafiri msibani, basi akaurekodi kwa simu na kumtumia kwa WhatsApp. Ujumbe una dakika moja na sekunde 52. Mshipi unasikika ukilegea kuelekea ubeti wa pili, na mwishoni jogoo wa jirani anawika. Mama mdogo akajibu kwa maandishi: «Umeniliza mwanangu. Umekula lakini?»

Siku ya studio

Machi 2023 akaenda kurekodi. Studio ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, godoro limesimamishwa ukutani ili sauti isirudi. Prodyuza alikuwa kijana wa rika lake, rafiki wa rafiki, mwenye sikio zuri na kompyuta inayozidiwa na joto. Malipo yalikuwa shilingi 80,000 kwa simu, kwa awamu mbili.

Kwetu mara nyingi biti, yaani muziki wa nyuma usio na mwimbaji, hutangulia: prodyuza anakuwa nayo, msanii anakuja kuingiza sauti yake. Hapa wimbo ulikuwa tayari, ila prodyuza alikuwa na biti yenye marimba ambayo, kusema kweli, iliukaa wimbo ule kama kanga na mwenziwe. Wakaupandisha ufunguo kidogo. Mwishoni binti akaanza kuifuata ile marimba kwa mdomo, «oo-oo» isiyo na neno ndani yake, vipimo vinane tu. Prodyuza akasema iachwe hivyohivyo. Alikuwa sahihi, kipande hicho ndicho kilichoubeba wimbo.

Walikaa saa nne, na suala la mgao, nani apate nini katika haki na mapato ya wimbo, halikutajwa. Ila siku ile na juma lililofuata yalifanyika mambo manne ambayo hakuna aliyeyaona kuwa ni maamuzi.

Biti haikuwa ya prodyuza. Alikuwa ameikodi kwenye mtandao wa wauza biti kwa dola 30, kwa jina lake na barua pepe yake. Leseni yenyewe, niliyokuja kuisoma miezi saba baadaye, ilisema kwamba biti ni ya kukodishwa kwa wengi, kwamba wimbo ukivuka usikilizwaji 50,000 ichukuliwe leseni kubwa zaidi, kwamba mwenye biti anabaki na nusu ya haki ya utunzi katika wimbo wowote utakaokaa juu yake, na kwamba ni marufuku kuusajili wimbo huo kwenye Content ID. Yote hayo katika kurasa mbili. Hakuwa amezisoma, na mimi simlaumu sana, maana sijui wangapi kati yetu huzisoma.

Akaunti kwenye kampuni ya usambazaji, inayoupeleka wimbo kwenye mitandao kama Spotify, ilifunguliwa kwa barua pepe ya prodyuza, kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwa na kadi ya kulipia dola.

Kwenye fomu palikuwa na kisanduku kinachouliza kama wimbo uingizwe Content ID, mfumo wa YouTube unaolinganisha sauti ya kila video inayopandishwa na sauti zilizosajiliwa, na ukikuta zimefanana humpa aliyesajili uwezo wa kuchukua mapato ya matangazo ya video hiyo. Prodyuza akaweka tiki. «Nililinda kazi ya dada,» aliniambia baadaye, na alimaanisha.

Na penye jina la mtunzi akaandika majina mawili, la binti na la kwake.

Wimbo ulipoitikiwa

Ulitoka Mei. Mwezi wa kwanza haukufikisha usikilizwaji elfu moja, na wengi wao, anasema, walikuwa kwaya ya nyumbani. (Tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12 Spotify hailipii chochote, kwa hiyo kwaya ya nyumbani ina thamani kuliko tunavyoipa.)

Agosti mshereheshaji mmoja akapandisha video fupi ya sendofu: shangazi wanamsindikiza bibi harusi, kanga zimeshikwa juu kama paa, na chini yake inasikika ile «oo-oo». Hakuwa anamfahamu msanii. Washereheshaji wengine wakaiga. Ndani ya wiki tatu wimbo ukavuka 50,000, na mwisho wa Septemba ulikuwa unakaribia 200,000. Binti alikuwa ananitajia siku hizo kama mtu anayesimulia homa: simu inawaka, watu wanamwita jina la wimbo barabarani, na mfukoni hana hata senti iliyotokana nao.

Barua zilizolala

Kumbe Content ID ilikuwa kazini. Biti ileile walikuwa wameikodi wasanii wengine wa nchi mbalimbali, na mfumo, ukisikia marimba yao, ukawa unaziandikia video zao kwamba zina mali ya binti yetu. Wakalalamika kwa mwenye biti. Mwenye biti akaandika kwa mteja anayemfahamu, yaani prodyuza, mara mbili. Kampuni ya usambazaji nayo ikaandika kwa mwenye akaunti, yaani prodyuza huyohuyo, ikitaka maelezo, kisha ikazuia fedha zote.

Barua zote zilienda kwenye sanduku ambalo prodyuza alilitumia kufungulia akaunti tu. Hakulifungua kwa wiki tano.

Binti alijua Oktoba, mtu alipomwandikia chini ya video yake kwamba ni mwizi wa biti. Alikwenda kwa prodyuza akiwa na hasira. Prodyuza naye, aliyekuwa akisikia wimbo kila daladala bila kuitwa kwenye hesabu, akamjibu kwamba nusu ya wimbo ni yake. Siku mbili baadaye mama mdogo akanipigia simu.

Tulichoamua, na sababu zake

Kabla ya kumjibu yeyote, tulitenganisha haki mbili. Kiswahili kimetufanyia hisani hapa: sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hakimiliki ni ya aliyetunga, maneno na melodi. Hakishiriki ni ya waimbaji, wapigaji na mtayarishaji wa rekodi. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote au asiwe na hata moja, na ugomvi wa binti na prodyuza ulikuwa mgumu kwa sababu kila mmoja alisema «wimbo wangu» akimaanisha kitu kingine.

Kwa upande wa utunzi, nikamwomba mama mdogo afungue WhatsApp. Ujumbe ulikuwa hapo, na tarehe yake, miezi minne kabla ya siku ya studio. Hakimiliki huzaliwa kazi inapotungwa, usajili hauianzishi. Ila mwenye kudai lazima aonyeshe. Mshipi ulilegea mbele yetu, jogoo akawika, na prodyuza alipokuja kusikilizishwa akanyamaza kidogo, akasema, «Mh. Melodi ndiyo hii.»

Rekodi ilikuwa na fundo lake. Mtaani «prodyuza» ni anayetengeneza muziki. Mkataba wa WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, wa 1996 kuhusu wasanii watendaji na rekodi za sauti unamtaja mtayarishaji wa rekodi kuwa yule anayeanzisha na kubeba dhamana ya kurekodiwa. Aliyelipa 80,000 na kukodi saa alikuwa binti. Lakini kijana naye alitoa dola 30 zake, akachanganya sauti, akamalizia masta, yaani nakala ya mwisho ya rekodi, akalipia usambazaji. Kumwambia «wewe ulilipwa, nenda» kungewezekana, na kungekuwa dhuluma.

Siku ileile tukamtaka prodyuza aingie kwenye akaunti, aondoe wimbo kwenye Content ID na kuachilia madai yote. Tukamwandikia mwenye biti kumwomba radhi, bila visingizio. Alijibu kwa ustaarabu kuliko tulivyostahili.

Leseni mpya, isiyo na ukomo wa usikilizwaji, binti aliinunua kwa jina lake na barua pepe yake, kwa fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya kipaza sauti. Prodyuza alishauri tununue biti moja kwa moja iwe yetu peke yetu. Nilikataa: waliokodi kabla yetu wangebaki na leseni zao halali, nasi tungelipa bei kubwa kwa upekee ambao haupo.

Kikao cha mgao kilifanyika sebuleni kwa mama mdogo. Prodyuza alikuja na kaka yake. «Shikamoo mama.» «Marahaba mwanangu, karibuni, kaeni.» Chai ikanywewa kwanza, na nadhani chai ile ilifanya kazi kuliko mimi. Wakakubaliana kwamba prodyuza apate asilimia 20 ya mapato ya rekodi ile, jina lake litajwe kama prodyuza, na aondoke kwenye safu ya watunzi. Nusu ya utunzi wa toleo lile ni ya mwenye biti kama leseni inavyosema, nusu ya binti. Karatasi ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili, sahihi nne.

Kisha tukahamisha akaunti, na hapa ndipo nilipokosea. Kila rekodi ina namba yake ya ISRC, herufi na tarakimu 12, na ukiipandisha rekodi ileile kupitia akaunti nyingine kwa namba ileile, hesabu ya usikilizwaji huweza kuungana na ya zamani. Hilo nililijua, nikalifanya. Mpangilio ndio niliougeuza. Nilisema tuondoe kwanza ya zamani ili zisigongane, ndipo tupandishe mpya. Inatakiwa mpya ipande, ionekane, iungane, ndipo ya zamani itolewe. Wimbo ulipotea siku 16 katika msimu wa harusi za Desemba. Video fupi zilizoutumia zikawa bubu: shangazi wanacheza, kanga ziko juu, sauti hakuna.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa binti mwenyewe: kurekodi toleo la gitaa lisilo na biti, ambalo utunzi wake ungekuwa wake wote. Alitaka pawe na wimbo mmoja duniani ambao hahitaji kumwomba mtu. Walikaa na mpiga gitaa, wakaurudia kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp, ufunguo wa awali, njia za awali. Na kwa kuwa «oo-oo» ilizaliwa kutokana na marimba, mimi nikashauri iondoke. Ikaondoka.

Yaliyofuata

Wimbo wa zamani ulirudi mwishoni mwa Desemba na hesabu zake zikaungana, lakini kasi haikurudi. Fedha zilizozuiwa ziliachiliwa Februari 2024. Kwa usikilizwaji uliokuwa umepita 400,000 kwenye mitandao yote, zilikuwa pungufu ya dola 400, kwani wasikilizaji wake wengi hawalipii huduma na matangazo ya kwetu yana bei ndogo. Prodyuza alipewa fungu lake siku hiyohiyo, kwa simu, na picha ya muamala ikatumwa kwa kaka yake.

Toleo la gitaa lilitoka mwezi huohuo kwa akaunti yake. Mtandaoni halikufika hata robo ya la kwanza. Ila ndilo analoweza kuliimba popote bila kompyuta, na lilimfungulia sendofu zenyewe: anaalikwa aimbe shangazi wakiingia. Sendofu tatu zilimlipa zaidi ya mtandao wote wa mwaka. Amejisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, nyimbo zake ameziandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na bado anafanya kazi ghalani siku tatu kwa wiki. Na prodyuza wanaelewana. Wamefanya nyimbo mbili tangu hapo, karatasi ikitangulia kipaza sauti.

Jambo moja halikukaa sawa. Kila anapoliimba toleo la gitaa, ukifika mwisho, watu huiimba «oo-oo» wenyewe. Yeye husogea nyuma ya kipaza sauti na kuendelea kupiga.

Uchambuzi

Wengi wanaosikia kisa hiki huanza na ukosefu wa mkataba. Upo, lakini naona unapewa uzito kupita kiasi. Mgao ulitatuliwa kwa kikao kimoja na birika la chai, kwa sababu hakuna aliyekuwa mwovu. Madhara makubwa yalitoka mahali pa kijinga zaidi: leseni, akaunti na taarifa zote zilikuwa kwa barua pepe moja, isiyofunguliwa, ya mtu asiye mwenye wimbo. Wangekuwa na mkataba mzuri uliopigwa mhuri, barua zile zingelala vilevile, na wiki tano zingepotea vilevile. Siku hizi msanii akinijia, kabla ya mgao humuuliza taarifa za wimbo wake zinaingia simu ya nani.

Kisanduku cha Content ID kinahitaji neno lake. Masharti ya YouTube yanataka anayesajili sauti awe na haki za kipekee juu yake. Biti ya kukodi hukunyima sifa hiyo tangu mwanzo. Fomu za usambazaji hukiweka kisanduku hicho karibu na maneno kama «linda» na «ongeza kipato», na kijana mwenye nia njema hukitia tiki. Binti aliitwa mwizi kwa sababu ya ulinzi uliovuka mipaka ya haki yake.

Kilichomwokoa hakikupangwa. Ujumbe ule ulitumwa kwa sababu binti alitaka mama yake mdogo ausikie, basi. Lakini ulikuwa na tarehe, ulikuwa kwenye simu ya mtu mwingine, na kasoro zake, mshipi na jogoo, ziliufanya usiwe kitu cha kughushi. Sasa kila anachotunga humtumia mama mdogo, ambaye analalamika kwamba simu imejaa.

Kwenye uhamisho wa akaunti sina la kujitetea. Nilikuwa na maarifa ya namba na sikuwa na maarifa ya mpangilio, na nilishauri kwa sauti ya mtu aliyefanya hivyo mara nyingi, wakati nilikuwa nimefanya mara moja, kwa wimbo usiosikilizwa na mtu.

Kuhusu «oo-oo», kwa muda mrefu nilidhani nilikuwa sahihi. Tahadhari yangu ilikuwa na msingi kisheria, ila nilisahau kwamba mwenye biti ni mtu, tena mtu aliyekwisha kutujibu vizuri mara moja. Mwaka jana binti alimwandikia bila kuniuliza: naomba kutumia vipimo vinane vilivyofuata marimba yako katika toleo jipya la jukwaani, unataka nini? Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Sawa, asilimia 25 ya utunzi wa toleo hilo, na unitumie video ya shangazi.

Ilikuwa barua pepe ya mistari minne. Tungeweza kuiandika Desemba ile, wimbo ukiwa bubu na sisi tumekaa tunasubiri.